Kiwanja cha bei nafuu chini ya dampo lililofungwa: tununue?

*"Mtaalamu, shikamoo. Mimi na mume wangu tunapanga nyumba Kawempe, Kampala, na tumeonyeshwa kiwanja cha futi 50 kwa 100 upande wa Kiteezi, chini ya lile dampo. Dalali anasema taka hazimwagwi tena pale, harufu imepungua, kaloli (wale ndege wakubwa wala mizoga) wamehama, na serikali ikishafunika kwa udongo na kupanda nyasi patakuwa bustani ya mapumziko kama zile za Ulaya, kwa hiyo bei itapanda. Sasa hivi bei ni nafuu mno ukilinganisha na viwanja vya Kasangati. Kuna chemchemi karibu, na mama mkwe ameshaanza kuulizia atapanda mboga zake za majani, dodo (mchicha) na nakati, upande gani. Mimi nakumbuka yaliyotokea 2024 na moyo unasita. Mume wangu anasema taka zikishafungiwa zinaoza na kuwa mbolea, basi. Nani yuko sahihi? Watoto wetu bado wadogo."*

Marahaba, dada yangu. Mume wako ana nusu ya ukweli, dalali ana robo, na huo moyo wako unaosita ndio ulioona mbali. Jibu fupi ni hili: kiwanja kilicho chini ya mteremko wa dampo lile msikinunue kwa sasa, hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. Lakini sitaki uende nyumbani na neno "mtaalamu amekataa" peke yake, kwa sababu mwezi ujao dalali mwingine atakuja na kiwanja kingine mita mia chache kutoka hapo, na itabidi mjue wenyewe cha kuangalia.

Kwanza mkumbuke mahali penyewe palivyokuwa. Kiteezi ilianza kupokea taka za Kampala mwaka 1996, kwa fedha za Benki ya Dunia, ingawa iko Wakiso, nje ya mipaka ya jiji. Ilikusudiwa iwe dampo la kisasa: taka zisambazwe, zishindiliwe, zifunikwe udongo mara kwa mara, na maji yanayochuruzika humo yakusanywe na kusafishwa kabla ya kuachiwa. Hakuna aliyepanga kujenga mlima. Jiji likakua, watu wakajenga hadi ukingoni, na miaka mingi baada ya wataalamu kusema pamejaa, malori yaliendelea kupanda. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, upande mmoja ukakatika na kufukia nyumba pamoja na waliokuwa ndani. Miili 35 ilipatikana.

Watu wengi wanadhani lile rundo lilianguka kwa sababu ya uzito tu. Uzito ulikuwepo, lakini mkosaji mkubwa katika ajali za aina hii ni maji. Taka zetu sehemu kubwa ni mabaki ya chakula: maganda ya matooke, ya mihogo, ya viazi, maboga yaliyooza sokoni. Vitu hivi vinakuja dampo vikiwa vimejaa maji tayari, na juu yake inanyesha. Maji yanajaza nafasi zilizo kati ya taka na kuzisukuma zisishikane. Mteremko ukiwa mkali, siku moja tabaka la chini linashindwa kuzuia la juu na vyote vinateremka kwa mkupuo. Ndivyo ilivyokuwa Payatas kule Ufilipino tarehe 10 Julai 2000, watu zaidi ya 200 wakafa. Na hapa jirani, Koshe, Addis Ababa, iliporomoka tarehe 11 Machi 2017 na kuua zaidi ya 110.

Sasa jiulizeni: malori yakiacha kuja, maji yaliyomo ndani yameenda wapi? Mteremko umelala? Kusitisha kumwaga taka kunapunguza mzigo mpya, na hilo ni jambo jema, ila rundo lenyewe linabaki na umbo lake na maji yake mpaka mtu alete greda, akate ile miinuko, atengeneze ngazi, achimbe mifereji ya kuondoa maji ya mvua na kuweka njia za kutolea yale ya ndani. Kazi hiyo ikiwa haijakamilika, misimu yetu miwili ya mvua, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba, ni mtihani kila mwaka. Na anayefanya mtihani huo ni aliyejenga chini. Sababu hii peke yake ingenitosha kukataa kiwanja mlichoonyeshwa, kabla hata hatujafika kwenye gesi.

Tufike kwenye gesi basi, maana hapa ndipo mume wako alipopata nusu.

Ni kweli taka za chakula zinaoza na zinaweza kuwa mbolea. Mbale, Jinja na Fort Portal zilijengewa vituo vya kutengeneza mboji kutokana na taka za mji, na ukifika kwenye kituo kama hicho utaona marundo marefu yanayogeuzwa-geuzwa. Yanageuzwa ili hewa iingie. Bakteria wanaotengeneza mboji wanahitaji oksijeni. Ndani ya dampo, chini ya mita nyingi za taka zilizoshindiliwa, oksijeni inaisha mapema na kazi inachukuliwa na bakteria wa aina nyingine, wale wanaoishi bila hewa. Hao hawakuachii mboji ukatie kwenye shamba la migomba. Wanatoa gesi: takriban nusu ni methani na nusu nyingine ni hewa ukaa, pamoja na chembe chembe za gesi nyingine zinazonuka. Wanaendelea kufanya hivyo miaka mingi baada ya lori la mwisho kuondoka. Katika joto na unyevu wetu kuoza ni kwa kasi, kwa hiyo wingi wa gesi hushuka mapema kuliko kwenye nchi za baridi, lakini "mapema" hapa bado ni miaka na miaka.

Harufu iliyopungua na kaloli waliohama havikwambii chochote kuhusu gesi hiyo. Kaloli anafuata mabaki mapya. Yakikosekana anahamia sokoni au machinjioni. Na methani yenyewe haina harufu wala rangi. Kinachonuka ni zile gesi ndogo ndogo zenye salfa. Ukitaka kuona kwa macho kwamba dampo la zamani bado linapumua, lipitie asubuhi baada ya mvua ya usiku. Kwenye vidimbwi utaona viputo vidogo vikipanda bila kukoma, mahali palepale, kama maji yanayoanza kupata moto. Kwenye nyasi utakuta viduara vya manjano au udongo mtupu katikati ya kijani kibichi. Pale mizizi imekosa oksijeni kwa sababu gesi imeisukuma nje ya udongo. Mikalitusi iliyopandwa juu ya taka mara nyingi hufa hivyo hivyo, na wanakijiji wanasema mbegu ilikuwa mbaya.

Methani inalipuka ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15. Uwanjani wazi upepo unaitawanya na hakuna tatizo. Hatari iko kwenye mahali palipofungwa. Na hapa dalali wako amekosea kwa namna ambayo hata watu wenye vyeti huikosea: kufunika dampo kwa udongo wa mfinyanzi bila kuweka mabomba ya kutolea gesi kunaweza kuongeza hatari kwa majirani. Gesi iliyokuwa ikipanda moja kwa moja juu sasa imezibiwa njia, basi inatafuta pembeni, kupitia kwenye changarawe, nyufa za mwamba, mtaro wa bomba la maji, hadi chini ya sakafu ya mtu.

Kisa kinachofundishwa sana ni cha Loscoe, kijiji cha Uingereza. Dampo lilikuwa limeshafungwa na kufunikwa. Alfajiri ya tarehe 24 Machi 1986 mgandamizo wa hewa ulishuka ghafla kwa sababu ya dhoruba, gesi iliyokuwa ardhini ikavutwa nje kwa wingi, ikapita kwenye mwamba wenye nyufa na kujikusanya chini ya nyumba ya jirani. Chombo cha kupashia nyumba joto kilipojiwasha, nyumba ikasambaratika na watu watatu waliokuwamo wakajeruhiwa vibaya. Hawakuwa wanaishi juu ya taka, walikuwa majirani tu. Baada ya hapo Waingereza walikazia sheria zao, na kwa muda mrefu wapangaji miji wao wametumia mita 250 kutoka ukingo wa dampo kama umbali ambao ndani yake huruhusiwi kujenga bila gesi kuchunguzwa kwanza. Mita 250 si mstari wa kichawi, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia hata kwetu.

Kwetu mashine ya kupashia nyumba joto hatuna. Tuna sigiri, tuna mshumaa umeme ukikatika, na tuna choo cha shimo. Choo cha shimo ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Shimo la futi 30 au 40 karibu na dampo ni kama umeichimbia gesi kisima chake. Methani inaweza kujaa humo, na mtu akawasha kiberiti atafute simu iliyodondoka. Hewa ukaa nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini, na anayeshuka kuchimba au kutapisha anaishiwa nguvu kabla hajajua kuna nini. Tafadhali mwambieni fundi yeyote, na hili halihusu madampo tu: mwenzako akianguka ndani ya shimo usimfuate. Wanaokufa kwenye mashimo mara nyingi ni wawili au watatu, na wa pili alikuwa mwokoaji. Piga 999 uwaite zimamoto wa polisi.

Maji ni suala la tatu, na mama mkwe lazima alisikie. Maji ya mvua yakipita kwenye taka yanatoka meusi, yenye povu, yamebeba amonia, chumvi, mabaki ya dawa na rangi, na kiasi fulani cha madini kutoka kwenye betri na vyuma. Dampo lililojengwa vizuri lina tabaka chini la kuyazuia na bwawa la kuyasafishia. Bwawa likizidiwa, au taka zikivuka eneo lenye tabaka hilo, maji hayo yanafuata mteremko hadi bondeni na mengine yanazama ardhini. Chemchemi zetu za Kampala na Wakiso karibu zote zinalishwa na maji yaliyo karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo chemchemi iliyo chini ya dampo ishukuni mpaka vipimo viseme vingine.

"Tutachemsha" ndilo jibu ninalolipata kila mara. Kuchemsha kunaua vijidudu, na msiache kuchemsha. Lakini madini yenye sumu kama risasi (lead) na kadimiamu, au chumvi kama naitreti, havifi kwa moto kwa sababu havina uhai. Ukichemsha sana maji yanapungua na vyenyewe vinabaki sufuriani. Vidonge vya klorini navyo havigusi madini hayo.

Mboga za majani ndizo zinazonyonya madini haya kwa urahisi kuliko mahindi au maharage, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu miili yao inafyonza risasi kwa wingi na ubongo wao bado unajengeka. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na dampo la Dandora, Nairobi. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha kuchukua hatua. Dandora si Kiteezi, na moshi wa taka zilizochomwa ulichangia sana kule. Hata hivyo, dodo lililostawi vizuri kando ya mfereji mweusi nisingelila, na nisingempa mtoto. Mama mkwe akitaka bustani yake, magunia yenye udongo ulioletwa kutoka mbali na maji ya bomba yatamtosha kwa dodo na nakati.

Sasa, bustani ya mapumziko. Dalali hakutunga, kwa sababu jambo hilo lipo duniani, na mimi mwenyewe nalipenda. Freshkills, New York, ilianza kupokea taka mwaka 1948 na kufungwa 2001, na leo inageuzwa kuwa bustani kubwa. Seoul, Korea Kusini, ilimwaga taka Nanjido kuanzia 1978 hadi 1993, yakasimama marundo mawili yanayokaribia mita 100, na mwaka 2002, Kombe la Dunia lilipochezwa pale, watu waliingia kutembea juu yake kama bustani ya umma. Gesi iliyovutwa kutoka humo ilitumika kupasha joto.

Angalia tarehe hizo lakini. Freshkills, sehemu ya kwanza iliyo ndani ya dampo lenyewe ilifunguliwa kwa wananchi Oktoba 2023, zaidi ya miaka 20 baada ya kufungwa. Seoul walichukua miaka 9, na katika miaka hiyo walizungushia ukuta chini ya ardhi ili maji machafu yasitoroke, wakachimba visima vya gesi, wakapunguza miteremko. Kwa kawaida chini ya nyasi mnazoziona kwenye picha kuna udongo, chini yake tabaka la kupitisha maji, kisha turubai zito la plastiki, kisha njia za gesi, ndipo taka. Nyasi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Mtu akikuonyesha nyasi, muulize mabomba yako wapi na nani analipwa kuyapima. Marekani sheria inataka dampo lililofungwa litunzwe na kupimwa kwa miaka 30.

Nasi tunayo njia isiyo ya kitajiri hivyo. Wajapani, kupitia Chuo Kikuu cha Fukuoka, walibuni katika miaka ya 1970 utaratibu wa kutandika mabomba yenye matundu ndani ya taka, maji yatoke kwa chini na hewa iingie yenyewe. Hewa ikiingia methani inapungua, maji yanakuwa na uchafu kidogo, na rundo linatulia mapema zaidi. Koshe ilitengenezwa hivyo baada ya maafa yake. Inawezekana basi, hata kwa nchi zetu. Inahitaji bajeti ya kila mwaka, na hapo ndipo uzoefu wetu unaponifanya nisikimbilie kununua kiwanja kwa ahadi. Hata ikikamilika, ardhi ya dampo hutitia kwa miaka, upande huu zaidi ya ule. Kijia cha kutembea kinavumilia kutitia. Nyumba ya matofali haivumilii. Ndiyo maana pale juu panafaa bustani na hapafai mtaa.

Kwa hiyo mfanyeje? Kama bei ndiyo inayowavuta, pigeni hesabu yake kamili: maji ya bomba badala ya chemchemi, choo kisicho cha shimo refu, sakafu yenye turubai la kuzuia gesi na matundu ya hewa, na uwezekano kwamba kesho mamlaka itatangaza eneo la usalama kuzunguka dampo na kiwanja chenu kikawa ndani. Unafuu wote unaisha hapo. Afadhali 50 kwa 50 mahali pengine kuliko 50 kwa 100 pale. Kama mtapata kiwanja upande wa juu, ng'ambo ya mgongo wa kilima, mbali zaidi ya mita 250, ambako maji hayateremki kutoka dampo kuja kwenu, hapo nitakaa nanyi tuongee, na sitawakataza kwa sababu tu jina la Kiteezi linatisha.

Msiamue kwa maneno yangu ya kuandika pekee. Nendeni kwa afisa mazingira wa wilaya ya Wakiso na ofisi za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, muulize kwa maandishi kama kiwanja kimo katika eneo lolote lililopangwa kuchukuliwa au kuzuiwa ujenzi, na jibu mlitake kwa maandishi pia. Ofisi ya ardhi ya Wakiso itawaonyesha hati ni ya nani. Kama ni kibanja kwenye mailo, yaani mnanunua haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, huyo mwenye mailo lazima ahusishwe, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) peke yake hatoshi. Maji ya chemchemi yapelekeni kwenye maabara ya wizara ya maji Entebbe, na msiombe kipimo cha vijidudu tu. Ombeni amonia, kloridi, naitreti, risasi na kadimiamu, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja mvua zikiwa zimekolea. Gesi inapimwa na mhandisi mwenye chombo, ardhini na si hewani, na kipimo cha siku moja yenye jua hakitoshi.

Na ikiwa mnao ndugu ambao tayari wanaishi pale chini, hao ndio wa haraka kuliko nyinyi. Wakiona ufa mpya kwenye rundo au ardhini, chemchemi iliyobadilika rangi, au sehemu ya chini ya mteremko inayovimba na kutoa maji, wahame siku hiyo hiyo ndipo watoe taarifa. Wakiumwa kichwa na kizunguzungu ndani ya nyumba na nafuu ikaja wanapotoka nje, wafungue milango, wasiwashe moto wala swichi, wakae nje hadi zimamoto wafike. Watoto wao waliokunywa maji yale au kula mboga za pale wapelekwe kwa daktari, naye aombwe wazi kipimo cha risasi kwenye damu, kwa sababu hakimo kwenye vipimo vya kawaida vya kliniki na asiyekiomba hapimwi.

Kama mmeshampa dalali amana, mdaini stakabadhi leo, kabla hajajua mmebadilisha nia.